Chensoo ikishafunguliwa eksozi, tyuning yake si ya kubahatisha

Kuna mlio mmoja wa chensoo ambao vijana wa msituni wanaupenda kuliko yote, ule mwembamba, msafi, unaopanda mpaka masikio yanawasha, mtu akiusikia anasema hapo sasa imekaa sawa. Mi nikiusikia unatoka shamba la ng'ambo huwa najua kuna pistoni ya mtu iko njiani kuja mezani kwangu. Sio utani. Kwenye injini ya tustroki, hasa iliyokwisha kufunguliwa eksozi, pale inapolia tamu kuliko kote ni hatua moja tu kabla ya kunoki, yani pistoni kunasa kwenye silinda, na pale inapotakiwa kukaa ni nyuma kidogo ya hapo, ambapo ikiwa hewani, haijagusa mti, inakuwa na mlio mzito mzito, kama inakohoa. Sasa mteja amelipa hela aongezewe nguvu, unamkabidhi mashine inayokohoa, kumshawishi aondoke nayo hivyo hivyo ndo kazi ngumu kuliko hata kushika grainda.

Natengeneza chensoo Mafinga, wilaya ya Mufindi, na huku mwenye chensoo nzima hakosi kazi maana msitu wa Sao Hill uko hapa hapa, mipaini mpaka macho yanachoka, alafu kila kijiji kuna mashamba ya watu binafsi ya mipaini na milingoti. Kupasua mbao siku hizi sehemu kubwa ni dingdong, zile mashine za kupasulia za kuhamishika, ila kuangusha, kutoa matawi na kukata magogo ni chensoo, na kwenye milingoti minene au makorongo ambayo dingdong haifiki bado watu wanachana mbao kwa chensoo kwa kufuata mstari wa kamba. Opareta analipwa kwa alichokata sio kwa saa, kwa hiyo akiona mwenzake anamaliza gogo mapema kuliko yeye, jioni yuko kwangu, "fundi na mimi nifungulie".

Kufungua kwenyewe sehemu kubwa ni eksozi. Ile eksozi ya kiwandani ina tundu dogo la kutolea moshi na ndani kuna vizuizi vya kupunguza kelele, ukipanua tundu au ukiongeza la pili injini inapumua vizuri, inapata nguvu ya ziada ambayo mtu anaisikia mkononi kabisa. Mashine ninazozipata sana ni Stihl za namba 381 na 660, orijino na za kichina zilizonakiliwa, 660 ukubwa wa injini ni sisi (cc) 91 na pointi zake, silinda kipenyo milimita 54. Bado kuna wazee wana zile 070 za zamani, chuma kizito cha sisi mia na kitu, hizo siwafungulii, zimetengenezwa kwa ajili ya kuvuta sio kukimbia, ziache zivute.

Shida inaanzia hapa. Injini ya tustroki haina oili kule chini kama ya gari. Oili yake yote inakuja imechanganywa na petroli, inapita kwenye kabureta, inaingia kwenye krenki, inalainisha beringi, ringi na pistoni, alafu ndo inapanda kuungua. Na petroli yenyewe ikiingia ikiwa ya baridi inapoza pistoni kwa ndani. Kwa hiyo ukibana mafuta hujabana mafuta peke yake, umebana na oili, umebana na ubaridi, vyote kwa mpigo mmoja, na wakati huo huo moto kule juu unaongezeka. Pistoni ni aluminiamu, aluminiamu safi inayeyuka kwenye nyuzi 660, sijui kama waliopanga namba ya mashine walikuwa wanatutania. Kabla haijafika hata karibu na hapo inakuwa imevimba, inasugua ukuta wa silinda upande wa eksozi maana ndo upande wa moto, inaacha michirizi, ringi inanasa, kwisha habari.

Ukifungua eksozi hewa inayopita inaongezeka lakini skrubu za kabureta bado zimekaa kwa hesabu ya eksozi ya zamani, matokeo yake mchanganyiko unakuwa mkavu, yani hewa nyingi mafuta kidogo, bila wewe kugusa skrubu yoyote. Yani mtu anapanua tundu, anafunga, anapiga resi, inalia kwa raha, anaondoka. Hajui kwamba ile raha nusu yake ni ukavu. Skrubu ya H, ile ya mafuta ya resi kubwa, lazima irudishwe kinyume cha saa kuongeza mafuta, mara nyingi karibu robo raundi, saa ingine zaidi, na zile mashine zenye vikofia vya plastiki vinavyozuia skrubu isizunguke inabidi vitolewe kwanza. Ndo maana vile vidogo kama MS 180, matoleo mengi kabureta yake haina kabisa skrubu ya H, jeti imepangwa kiwandani imetoka hiyo, mtu akiniletea nimfungulie eksozi namwambia hapana kaka, tutaongeza hewa alafu mafuta tutayatoa wapi?

Kabla ya kugusa skrubu yoyote mi natafuta kwanza hewa ya wizi, na hapa ndo mafundi wengi wanaparuka maana ni kazi ya kuchosha na mteja haioni. Injini ikivuta hewa mahali pengine nje ya kabureta, tuseme oili sili ya krenki imechoka, mpira wa kabureta una ufa, gasketi ya chini ya silinda imepumua, basi tyuning yoyote utakayofanya, yani kupanga skrubu za kabureta, ni uongo, utaipanga leo kesho imehama. Dalili zipo, sailensa, yani injini ikiunguruma bila kupigwa resi, inapanda na kushuka yenyewe, ukiachia resi mashine inachelewa kushuka, au ukiilaza ubavu mmoja inabadilika mlio. Hiyo ya kulaza inatokea hata tanki likiwa karibu kuisha kwa sababu kichujio kinanyonya hewa, kwa hiyo jaza tanki nusu kwanza ndo ujaribu usije ukafungua injini ya watu bure.

Kupima kwa uhakika ni kuziba tundu la eksozi na la kabureta kwa kipande cha mpira wa tyubu, unafunga plagi yake, unaingiza upepo kwenye kile kitundu cha pigo la hewa linaloendesha pampu ya kabureta, au unatengeneza adapta, alafu unaangalia kama unakaa. Kipimo cha kiwandani ni presha ya nusu baa. Mimi nilianza na mashine ya presha, ile ya hospitali ya kupuliza kwa mkono, mpira wake na saa yake, inasoma mwisho 300 ambayo ni kama baa 0.4, na kwa kazi yetu inakutosha kabisa, ukiona mshale unashuka unapaka povu la sabuni kuzunguka silinda na nyuma ya flaiwili, panapochemka ndo hapo hapo. Kuna nesi alikuja kuchukua chensoo ya mume wake akanikuta nimeifunga kwenye injini, akauliza mgonjwa anaendeleaje.

Ila kupuliza peke yake hakutoshi. Midomo ya oili sili imeelekea ndani, ukipuliza inabanwa ikae vizuri, injini ikivuta inafunguka, kwa hiyo lazima upime na kwa kunyonya. Pampu ya vakyumu ya mkono ile wanayotumia mafundi wa gari kutolea upepo breki inafaa. Sili zenyewe sio ghali, na mashine ikishafika kwenye hatua ya kufunguliwa eksozi na ina umri mi nazibadilisha tu bila kubishana nazo, pamoja na mpira wa kabureta, paipu ya petroli, kichujio cha kwenye tanki na daiframu. Tena kuna kitundu cha kupumulia tanki, kikiziba na vumbi na utomvu wa mipaini mashine inaanza vizuri alafu kadri inavyokata inakauka, mtu anahangaika na kabureta wiki nzima. Legeza mfuniko wa tanki kidogo mashine ikiwa imezimwa na imepoa, ukisikia inavuta pumzi ujue mchawi ni huyo.

Haya, tyuning sasa. Ea klina iwe safi, mapezi ya silinda yasiwe na unga wa mbao, cheni iwe kali na baa iliyofungwa, kile chuma bapa kinachobeba cheni, iwe ileile anayoifanyia kazi, maana mtu anakuja na baa fupi kumbe msituni anatumia ndefu, mzigo ni tofauti. Naweka mashine chini mahali peupe, baa imeelekea pasipo na mtu, na watoto wa jirani nawafukuza kabisa kabla sijavuta kamba. H na L, ambayo ni skrubu ya mafuta ya resi ndogo, zote nazianzia raundi moja kutoka kwenye kubana, ila kwa iliyofunguliwa H naiongezea kabisa robo toka mwanzo, bora ianze na mafuta mengi ikohoe kuliko ianze mkavu. Inapata moto kwanza, dakika kadhaa za kukata kabisa, sio kuungurumisha hewani. Alafu L, naitafuta pale sailensa inapokuwa juu kuliko kote, narudisha kidogo kuongeza mafuta mpaka nikipiga resi ghafla inaitika bila kusita. Kisha LA, skrubu ya kupandisha na kushusha sailensa, sailensa ishuke mpaka cheni isimame kabisa. Cheni inayotembea mashine ikiwa sailensa sikabidhi, hata mteja aseme haraka, hata aseme ameizoea.

H ndo yenyewe. Unapiga resi yote hewani kwa sekunde chache tu, unasikiliza. Ikiwa na mafuta mengi kuna mlio wa kukatika katika, injini inaruka pigo moja inachoma lingine kwa sababu mchanganyiko ni mzito, ule ndo mlio wa usalama. Sasa ingiza kwenye gogo na resi yote. Mzigo ukiingia ule mkatiko unatakiwa kupotea, sauti inanyooka, inavuta. Inyanyue kidogo kutoka kwenye mti bila kuachia resi, mkatiko urudi hapo hapo. Ukiona ndani ya gogo bado inakatika, mafuta yamezidi, bana kidogo sana, upana wa kichwa cha bisibisi. Ukiona ukiinyanyua inapanda moja kwa moja safi bila kukohoa, zima. Usiseme ngoja nimalizie kipande hiki. Fungua H ndo uwashe.

Watu wanauliza mbona usitumie takometa, kile kipima mizunguko. Ninayo, ila kuna njia ya bure ambayo nilifundishwa na mwalimu wa kwaya aliyekuja kununua mbao za jukwaa, yeye alikuwa na programu ya kutyunia gitaa kwenye simu. Tustroki inachoma mara moja kila mzunguko, kwa hiyo mizunguko 12,000 kwa dakika ni milipuko 200 kwa sekunde, na programu ya gitaa inakuandikia hiyo 200 kwenye kioo, wewe unazidisha kwa 60 basi. Uzi wa tatu wa gitaa, ile G, ni 196, karibu 11,800. A ya juu yake ni 220, hiyo ni 13,200. Kwa 660 iliyofunguliwa eksozi mi naanzia kwenye 12,000 hivi hewani, yani G imepanda kidogo, gogo linaniambia kama nibane au nifungue. Mashine ikiwa inakatika kwa mafuta mengi namba inarukaruka na saa ingine inasoma nusu yake, usibishane nayo, hiyo kurukaruka yenyewe ni jibu. Simu ikae mbali kidogo na upande wa pembeni, sio mbele ya eksozi, nimeona simu ya mtu imeyeyuka kava.

Mtego mmoja ambao unamaliza hata wazoefu ni koili yenye kizuizi. Baadhi ya mashine koili yake inakata umeme mizunguko ikifika namba fulani ili injini isijipasue, na ile kukata inatoa mlio wa kukatika unaofanana kabisa na wa mafuta mengi. Fundi anasikia inakatika, anasema bado ina mafuta, anabana, inazidi kukatika, anabana tena, kumbe imeshakauka zamani na kinachokatika ni koili. Mkatiko wa mafuta mengi ni mlaini na moshi kidogo unaonekana, wa koili ni mkavu unagonga gonga kwa mpangilio uleule. Kama huna uhakika fungua H nusu raundi nzima, mlio ukishuka na kubadilika ulikuwa kwenye koili, anza upya kutokea kwenye mafuta mengi.

Plagi nayo watu wanaisoma vibaya. Wanaitoa mashine imekaa sailensa dakika tano, wanaona nyeusi, wanabana. Rangi ya plagi unaisoma ukiwa umekata kwa resi yote alafu ukazima pale pale kwa swichi bila kuishusha sailensa, hapo ukikuta kahawia ya chai ya maziwa uko vizuri, nyeupe ni hatari, na kama kuna vidoa vidogo vya kung'aa kwenye ile kauri hizo ni chembe za pistoni yako zinaaga. Hiyo ya kuzima ghafla ni kwa ajili ya kupima tu, siku ya kazi baada ya mkato mrefu iache ipumue sailensa kidogo ndo uzime, flaiwili ndo feni yake. Bora zaidi fungua eksozi uangalie pistoni yenyewe kupitia tundu, mikwaruzo inaanzia pale.

Sasa kuna hili la mwinuko ambalo huku kwetu ni kubwa na watu hawaliwazii. Mufindi tuko juu, sehemu nyingi ni mita 1,700 mpaka 1,900 na zaidi, hewa ni nyepesi. Mashine uliyoipanga hapa imepangwa kwa hewa nyepesi. Ishushe bondeni, hewa inakuwa nzito zaidi, kila pumzi ina hewa nyingi kuliko ulivyohesabu, mafuta ni yaleyale. Imekauka yenyewe ndani ya gari. Mteja wangu mmoja alipata kazi ya mitiki kule Kilombero, mita chini ya 300, na 660 yake nilikuwa nimeifungua na kuipanga hapa hapa asubuhi ya mwezi wa saba ambapo mkono unashika bisibisi kwa shida kwa baridi. Nikamwambia bro ukishashuka mlima wa Kitonga sahau hii tyuning, ukifika kule fungua H robo kwanza ndo uanze kusikiliza, akasema sawa fundi. Joto la kule linapunguza kidogo uzito wa hewa, ndio, lakini halifuti tofauti yote, ukipiga hesabu bado hewa ya Ifakara, huko huko Kilombero, ni nzito kuliko ya Mafinga kwa zaidi ya asilimia 10, na injini nayo haipoi kama inavyopoa huku.

Siku aliyoanza kazi akanipigia kwa furaha, fundi hii mashine huku inakata balaa, huku ndo kwao! Nikamuuliza umegusa H? Hapana, ya nini sasa, imekaa sawa mno. Nikamwambia zima sasa hivi, network ikakatika, akatuma voisi noti ya mlio wake WhatsApp nijiridhishe, ila simu inapunguza makelele makali yenyewe, mlio wa chensoo ukipita humo unatoka umesawazishwa wote, huwezi kusikia mkatiko hata kama upo. Tangu hapo mtu akinitumia sauti namwambia nitumie video mashine ikiwa inaingia na kutoka kwenye gogo, na picha ya plagi. Kufika jioni ile mashine kamba haivutiki. Pistoni upande wa eksozi ilikuwa imekwanguka toka juu mpaka chini, upande wa kabureta bado unang'aa na mistari ya kiwandani iko palepale, hiyo picha ukiiona huhitaji mtu akuelezee, ni ukavu, sio oili mbaya, maana kukosa oili kabisa kungekwangua pande zote.

Kwenda kinyume sio mbaya, mashine ya pwani ikipanda huku inakuwa nzito na moshi mwingi, inakera lakini haifi. Hata hapa hapa kuna asubuhi na mchana, ukipanga saa sita jua kali alafu kesho alfajiri kuna ukungu na baridi hewa imeshakuwa nzito, ndo maana naacha kaupana ka usalama kwenye H na sikapunguzi kwa maneno ya mtu. Na kwa wanaochana mbao, ambapo resi yote inakaa dakika nyingi mfululizo bila kupumzika, naongeza mafuta zaidi, nashusha kama mizunguko 500 kutoka kwenye ile ya kukatia magogo. Halafu wasisubiri tanki liishie kwenye mkato. Petroli inapokaribia kuisha mashine inapanda mlio yenyewe, inakauka kwa sekunde kadhaa ikiwa na mzigo wote, wengine wanaupenda ule mwisho wanasema ndo inakata zaidi.

Oili. Kitabu cha Stihl kinasema oili yao sehemu moja kwa petroli 50, ya kampuni nyingine ya tustroki moja kwa 25. Kwa lita moja hiyo ni mililita 20 au 40. Wengi wanapima kwa kifuniko cha soda au kwa macho, "ikiwa nyekundu nyekundu inatosha", na wengine wanaweka oili ya gari kabisa. Nunua sirinji duka la dawa, ni bei ya andazi. Kwa mashine zilizofunguliwa mi napiga mililita 30 kwa lita ya oili nzuri ya tustroki, na ukishachagua kiasi baki nacho, kwa sababu ukiongeza oili umepunguza petroli kwenye tone lilelile, mchanganyiko unakauka kidogo, inabidi usikilize H tena. Watu wanashangaa sana kusikia kuongeza oili kunakausha. Oili feki ipo tele mjini na kopo linafanana, nanunua kwa muuzaji mmoja tu na sibadilishi.

Kwenye eksozi yenyewe kuna wavu mdogo wa kuzuia cheche, mtu wa kwanza kufungua anautoa kwa sababu umeziba masizi. Usafishe, uuchome kwa moto masizi yatoke, uurudishe. Kiangazi huku kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua zinapoanza chini ya mipaini kuna majani makavu unene wa kiganja, cheche moja inatosha kumaliza shamba la mtu aliyesubiri miaka kumi na kitu avune, na hapo hatutaongelea tena pistoni. Tundu jipya nalielekeza mbele na nje, lisiangalie chini, lisiangalie plastiki ya mashine wala mguu wa opareta. Kujaza petroli mashine ipoe kwanza na uhame hatua kadhaa kutoka ulipojazia ndo uwashe, eksozi iliyofunguliwa inakuwa na moto kuliko aliyoizoea.

Alafu cheni. Kwenye 660 yenye sproketi ya meno saba, ikikata kwenye mizunguko kama 10,000 cheni inapita kwa zaidi ya mita 20 kwa sekunde, hewani inakaribia 30. Ikikatika pale, kipande kinatoka kama risasi, na kinatoka kwa mwelekeo wa baa, mbele au nyuma. Kile kidaka cheni cha chini ambacho kila mtu anakivunja na kukitupa nakirudishia kwenye mashine zote ninazoongeza nguvu, breki ya cheni nayo naijaribu mbele ya mteja, ikiteleza tunabadilisha bendi. Na masikio, jamani. Eksozi iliyofunguliwa inapiga kelele kuliko maelezo, opareta wa miaka kumi huku ukimsalimia kamwene anakuangalia mdomo. Zile hedifoni za kuzuia kelele zinauzwa hata mnadani, kama hana namwambia angalau vizibo vya sikio, na mi mwenyewe nikityuni nasikiliza nikiwa nimevaa, mkatiko unasikika vizuri tu, tena vizuri zaidi kwa sababu ile mikwaruzo ya juu imepunguzwa.

Siku hizi vijana wameshaona video, wanataka zaidi ya eksozi, mtu anataka nimtanulie matundu ya silinda, nimsogezee taimingi, nimtolee gasketi ya chini kompresheni ipande. Kutanua tundu la eksozi la kwenye silinda sifanyi kwa grainda ya mkononi kwa mtu anayetegemea mashine hiyo kula, ukizidisha upana ringi inachungulia nje na kunasa, na ukiacha ukingo bila kuulainisha inakatika vilevile. Gasketi inawezekana, ila lazima upime nafasi kati ya pistoni na kichwa. Unachukua waya wa risasi wa kuchomelea, ulio mnene kuliko nafasi unayotegemea, unaupitishia tundu la plagi mpaka uguse ukuta wa silinda kwa upande wa pini ya pistoni, unazungusha flaiwili kwa mkono pistoni iubane, unautoa unapima kwa venia pale ulipobanwa. Chini ya nusu milimita sifungi, kwa sababu krenki ikipata moto na mizunguko ikipanda vitu vinanyooka na pistoni inagonga kichwa. Ikipita kipimo inafungwa na silikoni ya kuhimili petroli, napima tena upepo na vakyumu kwa mashine ile ya presha na pampu, na H inaanza upya kabisa kutokea kwenye mafuta mengi, sio pale ilipokuwa jana.

Saivi iko 381 moja ya kichina mezani, mwenyewe anataka gasketi itoke. Waya umetoka milimita 0.9, gasketi yake yenyewe ni 0.5, kwa hiyo bila gasketi inabaki 0.4. Gasketi inarudi, tutafungua eksozi tu.